Resista Mbili na Jina la Bishar

Vijana wangu wa duka, siku zile za mwisho kabla sijalifunga, mliniuliza mara mbili kwa nini sitaki kuona resista ya kuzungusha ndani ya sanduku la kushusha umeme. Mara ya kwanza niliwajibu kwamba inaingia vumbi. Mara ya pili nikasema ya kudumu ni imara zaidi. Majibu yote mawili ni ya kweli, na hilo ndilo linanisumbua, maana mtu anaweza kusema kweli mbili na bado akawa ameificha ile ya tatu. Ya tatu ni mtu. Anaitwa Bishar, fundi wa Modogashe, na katika miaka ya tisini nilimharibia jina kwa resista moja na maneno machache.

Nimekaa hapa Waberi, Garissa, na madaftari yangu ya kazi, najaribu kuandika. Shule niliiachia darasa la sita, na Kiswahili changu ni cha mto na soko, kwa hiyo mnivumilie. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Nitajaribu pia nisimwonee mtu yeyote, mimi mwenyewe nikiwemo, ingawa hilo la mwisho sijui kama naliweza.

Tuanze na kazi, ili mjue kosa lilikaa wapi. Betri za lori zinatoa volti ishirini na nne, na injini ikiunguruma zinapanda hadi karibu ishirini na nane. Redio kaseti inataka tisa. Katikati tunaweka regulata, kile kidude cheusi cha miguu mitatu chenye mgongo wa bati. Mguu mmoja unapokea umeme, mmoja unautoa, na wa tatu ndio wa kuambiwa. Unauambia kwa resista mbili tu, vile vijiti vidogo vya mistari ya rangi vinavyobana umeme. Ya kwanza inakaa kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kuambiwa. Ya pili inatoka kwenye mguu wa kuambiwa inakwenda hasi ya betri. Regulata haijui lolote kuhusu redio yako. Inachojua ni kwamba resista ya kwanza lazima iwe na volti moja na robo, si zaidi, si pungufu. Mkondo uleule ukishapita hapo unapita kwenye ya pili, na ya pili inabeba volti kulingana na ukubwa wake. Zijumlishe mbili hizo, hiyo ndiyo volti inayotoka.

Mimi niliweka omu mia mbili na arobaini juu, ndiyo ile ya kwanza, na elfu moja na mia tano chini. Elfu moja na mia tano ni mara sita na robo ya ile ya juu. Mara sita na robo ya volti moja na robo ni saba nukta nane. Ongeza ile moja na robo ya mwanzo, unapata tisa na kitu kidogo. Fanyeni hesabu hiyo kwa kalamu kabla ya kushika chuma cha lehemu. Mimi bado naifanya kwa kalamu, na mara nyingine naipata vibaya mara ya kwanza.

Aliyenifundisha ni Mzee Kilonzo, fundi wa redio aliyetoka Ukambani akakaa Garissa hadi akajua kusalimia kwa Kisomali vizuri kuliko baadhi yetu. Sanduku langu la kwanza nilimpelekea nikiwa na furaha nyingi. Alishika nyaya za mita, akapima, akanitazama juu ya miwani.

"Omari, hii umetengeneza nini?"

"Sanduku la volti tisa, mzee."

"Hapana. Umetengeneza betri moja ya tochi, tena ile imeanza kuisha." Akanigeuzia mshale niuone: moja na nusu, haikufika. "Watu wanaiuza dukani ikiwa tayari, na ganda lake lina rangi nzuri."

Nilikuwa nimezibadilisha nafasi, ya juu nimeiweka chini na ya chini juu. Kosa hilo hufanya mashine inyamaze, haiungui, na Mzee Kilonzo alicheka wiki nzima. Ninyi mkilifanya, chekeni pia. Yapo makosa ya upole na yapo ya ukali, na fundi anapaswa kujua mapema sanduku lake likikosea litakosea kwa upande upi. Hilo Mzee Kilonzo hakunifundisha. Simlaumu. Masanduku yake yote yalikaa mezani, ndani ya nyumba, na resista ya kuzungusha ikikaa mezani haina neno. Mimi ndiye niliyeyatoa nje na kuyapeleka barabarani.

Aliyenipeleka barabarani ni mama mmoja wa Modogashe, Halima. Nilimwita edo, kama watu wa kule wanavyomwita shangazi, ingawa hatukuwa na udugu. Alikuwa na kibanda cha mikeka pale malori yanaposimama, yale yanayotoka Garissa na yale ya Isiolo, na ndani ya kibanda alikuwa na redio kaseti ya kurekodi. Hiyo ndiyo iliyokuwa posta ya watu wasioandika. Mfugaji anakuja, anachuchumaa mbele ya mashine, anamsalimia ndugu yake aliye Wajir au Mandera, na salamu peke yake inaweza kula robo ya mkanda. Kisha anasema mvua imenyesha wapi, ngamia gani amezaa, nani ameumwa. Kaseti inapewa dereva. Wiki mbili, tatu, inarudi na majibu, na Halima anaicheza mbele ya aliyeandikiwa na mbele ya yeyote anayekunywa chai karibu. Barua ya siri haikuwepo Modogashe.

Betri za tochi zilimwishia haraka mno. Kwa hiyo akabuni njia: lori likisimama, anabana nyaya zake kwenye betri za lori, na dereva aliyempa umeme anachezewa kaseti zake kwanza. Aliniagiza sanduku la kushusha. Akataka pia, siku nyingine, aweze kutumia mashine ndogo ya jirani yake, ambayo ni ya volti sita. Mimi, badala ya kumtengenezea masanduku mawili au swichi, nikaona niwe mjanja. Ile resista ya chini nikaitoa nikaweka ya kuzungusha. Zungusha huku, sita. Zungusha kule, tisa. Nikachora alama mbili kwa rangi ya kucha ya mke wangu.

Mwezi wa kwanza lalamiko lilikuwa moja tu. Halima alituma salamu kwa dereva: "Mwambie Omari hii sanduku yake ni mcha Mungu. Ikifika adhuhuri inaenda kuswali, na hairudi mpaka alasiri." Nilijua tatizo. Regulata ikichemka sana hujizima yenyewe, na jua la Modogashe halikuihurumia. Kushusha kutoka ishirini na kitu hadi tisa, volti zote zile zilizobaki zinageuka kuwa joto, na joto lazima lipate pa kwenda. Nikamfungia bati la kupozea upana wa kiganja, na sanduku likaacha kupotea mchana. Nilijisifu. Nimeona kwenye daftari nimeandika, "Sanduku la H. sasa halina kasoro." Neno hilo "halina kasoro" nimelipigia mstari, na mstari wenyewe nimeuchora kwa rula.

Kisha siku moja mashine ya Halima ikatoa moshi. Kaseti ilikuwa inacheza, sauti ikapanda kama mtu aliyekanyagwa, ikakatika, ikanuka. Wiki hiyohiyo Bishar alikuwa ameifungua kubadilisha mkanda wa mpira uliolegea. Bishar alikuwa kijana tu, mkali kidogo wa maneno, niseme ukweli, lakini mikono yake ilikuwa safi kuliko yangu. Alijifunza mwenyewe, na kibanda chake kilikuwa hatua thelathini kutoka kwa Halima.

Madereva waliniletea Garissa sanduku na mashine. Mashine ndani ilikuwa nyeusi. Sanduku nililiweka mezani, nikalipa umeme, nikapima. Tisa. Nikabadilisha mita. Tisa. Nikanywa chai, nikarudi, nikapima tena. Tisa. Nikapanda lori kwenda Modogashe kulirudisha mwenyewe, kwa sababu nilidhani ndivyo mtu wa haki anavyofanya.

Kibandani walikuwa watu saba au wanane, na Bishar amesimama mlangoni.

"Omari," Halima akasema, "sema hapa watu wasikie. Ni sanduku ama ni mashine?"

"Sanduku ni zima, edo. Nimepima mara tatu."

"Basi nini imechoma?"

"Mimi sijui," nikasema. "Najua tu kwamba mashine ilifunguliwa juzi."

Vijana, someni hapo tena. Sikutaja jina. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika kwamba sikutaja jina la mtu. Lakini kila kichwa kibandani kiligeuka mlangoni kabla sijafunga mdomo.

"Mimi nimebadilisha mpira!" Bishar akasema. "Wallahi mpira tu! Mpira inachoma mashine namna gani?"

"Muulize mpira," dereva mmoja akamjibu, na watu wakacheka. Kufikia jioni walishamwita Bishar Moshi.

Jina hilo halikubaki Modogashe tu. Halima aliazima mashine ya jirani, na kaseti zikaendelea. Mtu anayejaza mkanda mzima kwa habari hawezi kuacha habari nzuri kama hiyo. Ikaenda Wajir, ikaenda hadi Mandera. Na Mandera ndiko alikokuwa mzee Hassan, baba wa msichana aliyeposwa na Bishar. Mzee akatuma kaseti yake. Halima alinieleza baadaye kwamba hakutukana wala hakukataa. Alisema tu mambo ya arusi yangoje kidogo, maana amesikia mkwe anaharibu mali za watu. Hiyo nayo ilichezwa kibandani, na Bishar akiwemo. Baada ya hapo hakuna aliyempelekea hata tochi. Nilisikia amefunga kibanda na anapakia magunia kwenye malori.

Niliyasikia hayo yote nikiwa Garissa, nikasikitika kama mtu anavyomsikitikia mtu mwingine. Sikujua bado kwamba yananihusu.

Jirani yangu hapa alikuwa fundi wa springi za malori. Asubuhi moja nilikuwa na sanduku jingine mezani, ndugu wa lile la Halima, lenye resista ileile ya kuzungusha, mita imefungwa, mshale umetulia kwenye tisa. Jirani akaanza kupiga springi kwa nyundo ile kubwa. Kwa pigo la tatu au la nne, sikumbuki, mshale wa mita ukaruka hadi mwisho, ukarudi tisa. Nikadhani ni macho yangu. Akapiga tena, ukaruka tena.

Nilikaa chini. Ndani ya resista ya kuzungusha kuna kidole kidogo cha shaba kinachogusa njia ya mkaa. Vumbi likiingia na kitu kikitikisika, kidole kinainuka. Kikiinuka, resista ya chini haipo tena. Mguu wa kuambiwa hauambiwi chochote, na regulata inafungua mlango wote: karibu volti zote za lori zinaingia kwenye mashine ya volti tisa. Halima alikuwa analitundika sanduku langu wapi? Kwenye ubavu wa lori, karibu na betri, ili nyaya zitoshe. Na malori yale hayakuzimwa, kwa sababu madereva waliogopa injini zisiwake tena. Kila siku sanduku langu lilitetemeshwa na injini ya dizeli. Mimi nikalipima juu ya meza isiyotikisika, mara tatu, na katikati nikanywa chai.

Ningependa kuwaambia nilipanda lori siku hiyo. Daftari halinikubalii. Siku nne mfululizo nimeandika, "Kesho naenda Modogashe." Siku ya pili nimeongeza, "Huenda mpira nao ulichangia." Mpira hauchangii. Nililijua hilo nilipokuwa naandika.

Siku ya tano nilienda. Nilichukua sanduku lile la Halima kutoka kwake nilipofika, nikamtafuta Bishar, nikamkuta amekaa juu ya magunia kivulini mwa lori, akila tende. Nikamwambia yote palepale. Alisikiliza bila kuacha kutafuna.

"Umesema na nani?" akaniuliza.

"Na wewe."

"Mimi nilikuwa najua tayari. Mimi si mtu wa kuambiwa." Akatema kokwa. "Twende kwa Halima. Na usiseme. Onyesha."

Watu wakajaa. Nikalitundika sanduku kwenye ubavu wa lori, nikafunga mita, dereva akaiacha injini ingurume. Mshale ukakaa tisa. Tukangoja. Tisa. Nikamwomba dereva akanyage mafuta. Tisa, haukutingishika. Jasho likaniingia machoni. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kuja kukiri kosa, na kosa limekataa kutokea.

"Warya fundi," dereva akaniita kutoka juu, "hata makosa yako hayafanyi kazi?"

Kibanda kizima kikacheka, Halima akicheka zaidi ya wote. Bishar hakucheka. Alichukua spana ya magurudumu, akasogea, akagonga ubavu wa lori, si kwa nguvu, mara moja. Mshale ukaruka hadi ishirini na sita, ukarudi. Akagonga tena, ukaruka tena. Akamgeukia Halima.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Mpira iko wapi hapo?"

Mzee mmoja aliyekuwa na kikombe cha chai akasema polepole, "La ilaha illallah," akaweka kikombe chini.

Nilikuwa nimekuja na resista ya kudumu mfukoni, yenye mistari ya kahawia, kijani, nyekundu, ile ya elfu moja na mia tano. Nikatoa chuma changu cha lehemu. Bishar akanyoosha mkono.

"Lete."

Akapasha chuma kwenye makaa ya chai ya Halima. Kabla ya kulehemu aliipima resista kwa mita yangu, ingawa rangi zake zilikuwa wazi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema joto huzichoma rangi, nyekundu ikawa kama kahawia, na yeye aliwahi kudanganywa hivyo. Mimi nilikuwa fundi wa mji, na jambo hilo sikulijua. Tangu siku hiyo kila resista naipima kabla, na ninyi mliona mnifanyie mzaha kwa hilo. Kisha akaitoa ile ya kuzungusha, akaweka ya kudumu, akakata miguu yake mifupi, akanyunyizia nta ya mshumaa juu ya viungo ili vumbi lisishike. Akagonga lori kwa spana hadi dereva akalalamikia rangi ya lori lake. Mshale haukusogea.

Nikiwa bado hapo kwenye lehemu, niwaambie la kazi. Mkilazimika kutumia resista ya kuzungusha kwenye regulata ya miguu mitatu, iwekeni nafasi ya juu, si ya chini. Kidole chake kikiinuka hapo, volti zinashuka hadi moja na robo, na mashine inanyamaza tu. Na ule mguu wa tatu wa resista hiyo, usiotumika, uunganisheni na wa kidole, usibaki unaning'inia. Vile vibodi vidogo vya siku hizi vyenye koili mnavyonunua, vyenye skrubu ndogo ya shaba, ni bora kuliko kazi yangu. Havichemki hivyo na havili betri. Nasema hivyo kwa haki. Lakini skrubu ile ni resista ya kuzungusha, na kwenye vile nilivyofungua, ikiachia, volti zinapanda, hazishuki. Huenda vipo vilivyopangwa vingine. Pangeni volti mnayotaka, kisha itoeni resista hiyo, ipimeni, muweke ya kudumu yenye ukubwa huohuo. Na mnapojaribu, wekeni mzigo, kisha gongeni.

Turudi kibandani. Nilidhani nimemaliza. Nikapangusa mikono, nikamwambia Bishar anisamehe, akasema haye, sawa. Kisha akaleta kaseti mpya.

"Maneno yako ilienda Mandera na kaseti," akasema. "Hawa watu wa hapa wameona. Mzee Hassan ameona nini?"

Halima akaweka kaseti ndani ya mashine ya jirani, ile ndogo, akatia betri alizokuwa ameficha. Alinionyesha niketi pale wanapoketi wote, mbele ya tundu la sauti.

"Sema jina yako, ya baba yako na ya babu yako," akasema. "Asipojua wewe ni mtoto wa nani, atasema ni sauti ya mtu amelipwa."

Nikaanza. "Asalamu aleikum, mzee Hassan. Mimi ni Omari mwana wa Jillo mwana wa Buya, mtu wa mto, fundi wa Garissa. Nilitengeneza sanduku la umeme, nikalipima mezani mara tatu, likawa zima, sasa kwa sababu ya vumbi na mtetemeko wa—"

Tak. Bishar amebonyeza.

"Nini?" nikauliza.

"Umeanza kujitetea." Akarudisha mkanda mwanzo. "Tena."

Nikaanza tena. Jina, baba, babu. Nikasema sanduku lilikuwa langu. Nikasema mtu yeyote angeweza kukosea kwa sababu resista ile kwa kawaida—

Tak.

"Mzee ana goti mbaya," Halima akasema. "Hawezi kukaa chini kusikiliza resista."

Watu wakacheka tena, na mimi nikacheka. Sikuwa najua, hadi nilipokatizwa mara mbili, kwamba kila nikisema "nimekosa" napachika neno la kunibeba. Mara ya tatu nilisema, "Bishar ni fundi mzuri, japo mkali." Akabonyeza. Hiyo nayo niseme kwa haki: hapo ilikuwa kweli, na hata yeye alitabasamu. Lakini alirudisha mkanda.

Mara ya nne nilisema jina langu, la baba na la babu. Kisha nikasema: "Sanduku lilikuwa langu. Kosa lilikuwa langu. Nilisema neno mbele ya watu likamwangukia Bishar, na Bishar hakukosa kitu. Leo amelitengeneza sanduku langu yeye mwenyewe, nami nimejifunza kwake."

Nilingoja abonyeze. Mkanda uliendelea kuzunguka, ukarekodi injini ya lori na kikombe cha mtu. Bishar alikuwa anaangalia chini. Mwishowe Halima ndiye aliyebonyeza.

Dereva wa kwenda Mandera aliitia kaseti kwenye mfuko wa shati, si kwenye kisanduku cha mbele pamoja na nyingine. Mimi nikarudi Garissa. Mashine ya Halima iliyoungua nilimpa yangu ya dukani badala yake, na hilo nalitaja ili msidhani nililisahau, si kwa kusifiwa.

Wiki zikapita. Nilishajiambia kwamba huenda Mandera hawakuisikia, au wameisikia na haitoshi, na kwamba kama haitoshi hakuna la kuongeza, maana kila nilichotaka kuongeza kilikuwa cha kunifaa mimi. Siku moja dereva yuleyule akasimama mbele ya duka langu, akanirushia kaseti. "Halima anasema ucheze, kisha urudishe."

Nikaicheza mezani. Ilianza kwa kikohozi, kisha sauti ya mzee, nzito, kwa Kisomali, polepole, ya mtu asiyepungukiwa na mkanda. Alimsalimia kila mtu wa Modogashe kwa jina. Alisema mto Daua umejaa. Alisema mbuzi wawili wamepotea na mmoja amepatikana. Nilikaa na kidole karibu na kitufe, naogopa kaseti itaisha kabla hajafika kwenye habari ya Bishar. Upande wa kwanza ukaisha, nikageuza.

"Yule mtu wa mto nimemsikia," mzee akasema. "Anaongea kidogo. Hiyo ni nzuri." Akakohoa tena. Kisha: "Bishar aje. Mwambieni aje na chuma chake cha lehemu. Redio yangu haisemi tangu kiangazi, na hapa sijamruhusu mtu kuifungua."